Salerno Mpaka Scilla: Kuifuata Pwani ya Kusini mwa Italia kwa Treni na Boti

Wengi wakisema wanakwenda pwani ya kusini mwa Italia wanamaanisha Positano. Wanafika, wanapiga picha ya nyumba za rangi zilizobebana mlimani, wanalipia chumba fedha za kutisha, wanarudi nyumbani wakisimulia kwamba Italia haiendeki. Positano ni nzuri, sibishi. Ila pwani ile inaendelea kusini kwa mamia ya kilomita, na kadiri unavyoteremka ndivyo bei inavyoshuka na wageni wanavyopungua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifuata bahari ya Tirreno bila kukodi gari, kuanzia Salerno hadi Scilla, mkabala na kisiwa cha Sicilia. Siku kumi zinatosha, wiki mbili ni raha. Saa nilizotaja humu ni za Kiswahili. Ratiba za treni za Italia hutumia saa 24, kwa hiyo 14:00 ukutani ni saa nane mchana, na 20:30 ni saa mbili na nusu usiku.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua mji

Kosa kubwa la safari hii ni Agosti. Waitaliano wenyewe huchukua likizo mwezi huo, na kilele chake ni tarehe 15, sikukuu wanayoiita Ferragosto. Wiki ile ya katikati ya Agosti nusu ya nchi iko ufukweni: vyumba vimejaa, treni zimejaa, mwavuli wa ufukweni umeshachukuliwa tangu Julai na familia inayokuja palepale kila mwaka. Ukilazimika kwenda Agosti kwa sababu ya likizo za watoto, lipia vyumba miezi mingi kabla na usihesabu bahati.

Juni na Septemba ndiyo miezi ya mwenye akili. Kati ya hiyo miwili mimi ningechukua Septemba, kwa sababu bahari imekwisha kunyonya joto la kiangazi kizima. Mwanzoni mwa Juni maji bado yana ubaridi wa kumshitua mtu aliyezoea kuoga Bahari ya Hindi. Julai iko katikati: joto hufika nyuzi 33 na zaidi, lakini mtu bado anaweza kupata chumba.

Mchana wa kiangazi huko ni mrefu. Mwanzoni mwa Julai jua linazama karibu na saa mbili na nusu usiku. Kwa Mwislamu maana yake ni Magharibi ya kuchelewa na Isha inayopita saa nne usiku, basi pangilia chakula cha jioni kwa hesabu hiyo. Habari njema ni kwamba wenyeji nao hawali kabla ya saa mbili usiku.

Hatua ya 2: Viza, na ianze mapema

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na siyo chini ya siku 15. Hiyo siku 15 ni ya sheria tu. Kwa safari ya kiangazi miadi hujaa, kwa hiyo Februari au Machi uwe umeshaingia kwenye foleni. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, wa chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 na itambulike nchi zote za Schengen.

Omba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siyo ile utakayotua kwanza. Ukipitia Paris siku mbili kisha Italia siku kumi, mlango wako ni Italia. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka, na kurasa mbili tupu.

Ndugu walioko nje wasikilize vizuri hapa. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza ya ziada kwa matembezi ya muda mfupi. Lakini Mkenya au Mtanzania anayeishi Uingereza, au Dubai, anaomba kama kawaida. Kibali chake cha huko hakimfungulii mlango.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa wageni wanaokuja kwa muda mfupi. Foleni ya mara ya kwanza inaweza kurefuka, kwa hiyo usikate tiketi ya treni inayoondoka saa moja baada ya ndege kutua.

Hatua ya 3: Lala Salerno

Kutoka Afrika Mashariki njia nyepesi ni kutua Roma Fiumicino (Ethiopian hufika huko kutoka Addis Ababa) au Napoli kwa kupitia Istanbul. Kutoka kituo cha Roma Termini, treni ya kasi inakufikisha Salerno kwa kama saa mbili. Kuna kampuni mbili, Trenitalia na Italo. Tiketi za treni hizi za kasi hupanda bei kadiri siku inavyokaribia, tofauti na treni za mkoa ambazo nauli yake haibadiliki hata ukikata dakika tano kabla.

Wengi hufanya Sorrento kambi yao. Sorrento hufikiwa kutoka Napoli kwa treni ndogo iitwayo Circumvesuviana, ambayo kiangazi hujaa hadi mlangoni na vibaka wanaijua kuliko abiria. Salerno ni mji wa watu wanaoishi na kufanya kazi. Una hoteli za bei ya kawaida, masoko, barabara ndefu ya kutembea kando ya bahari, kituo cha treni cha reli kuu, na gati la boti karibu nacho. Jioni utakuta familia nzima, bibi hadi mjukuu, zikitembea polepole huku na huku bila haraka yoyote, na hapo ndipo utakapojua kwamba uko Italia ya Waitaliano. Chukua siku nne za hapo.

Hoteli itataka pasipoti yako; ni sheria kwao kuwaandikisha wageni polisi. Itadai pia kodi ya mgeni, euro chache kwa kila mtu kwa usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Hatua ya 4: Costiera Amalfitana kwa boti

Kwenye pwani ya Amalfi kuna barabara moja, SS163, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima. Kiangazi inaziba. Mamlaka wamefikia kuruhusu magari kwa zamu kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba ya gari, na bado foleni ipo. Mabasi ya SITA Sud yanapita humo kwa bei rahisi, lakini mchana wa Julai unaweza kusimama juani ukayaona mawili yakipita yamejaa. Tiketi hununuliwa kabla ya kupanda, kwenye duka la sigara lenye herufi T mlangoni.

Kwa hiyo panda boti. Kutoka Salerno hadi Amalfi ni kama dakika 35, na hadi Positano saa moja na ushei. Nauli ni mara kadhaa ya ile ya basi na ninaitetea kila senti, kwa sababu miji ile ilijengwa itazamwe kutoka baharini. Boti za abiria hufanya kazi kuanzia masika yao hadi vuli, na bahari ikichafuka zinasimama. Usiiweke safari ya boti siku ya mwisho kabla ya ndege.

Panda ya asubuhi, shuka Amalfi kabla ya saa nne. Mji huu mdogo uliwahi kuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini, mshindani wa Pisa na Genova, mpaka dhoruba ya mwaka 1343 ilipomeza sehemu yake ya chini. Ukipanda ngazi za kanisa kuu la Mtakatifu Andrea, usiishie kwenye picha ya nje. Lipia uingie kwenye ua wa Chiostro del Paradiso, wa karne ya 13: matao yaliyopishana, nguzo pacha nyembamba, ukimya na kivuli. Macho yaliyozoea mji wa kale wa Lamu au Mombasa yatatambua mara moja mkono wa Kiarabu. Watu wa Amalfi walifanya biashara na bandari za Waislamu kwa karne nyingi, na ufundi wa kutengeneza karatasi inasemekana waliupata kwa Waarabu vilevile. Kinu cha zamani juu ya bonde sasa ni jumba la makumbusho ya karatasi.

Umati ukikuzidi, tembea dakika kumi hadi Atrani. Ni manispaa ndogo kuliko zote Italia kwa eneo: uwanja mmoja, kanisa, ufukwe, basi. Watu wanaoshuka kwenye meli hawafiki huko, nami sijui kwa nini, maana njia inaonekana.

Siku nyingine shuka Cetara. Hapa ndipo mvuvi bado ni mvuvi. Jamaa hawa huloweka dagaa wao wa baharini kwenye chumvi ndani ya mapipa ya mbao kwa miezi mingi, kisha wanakusanya maji yanayochuruzika na kuyaita colatura di alici. Ni mchuzi wa rangi ya kahawia, mkali wa chumvi, unaotiwa matone machache tu kwenye tambi na kitunguu saumu. Aliyekulia na dagaa hatahitaji kufundishwa.

Ravello iko juu mlimani, inafaa alasiri moja kwa ajili ya bustani zake. Positano ipe saa tatu, iangalie, panda boti urudi Salerno ukalale.

Hatua ya 5: Asubuhi moja Paestum

Treni ya mkoa kutoka Salerno kwenda kusini inakushusha Paestum kwa kama nusu saa hadi dakika 40, na kutoka kituoni unatembea kwa miguu tu. Mahekalu matatu ya Wagiriki yamesimama kwenye uwanda, la zamani zaidi likiwa la katikati ya karne ya 6 kabla ya Kristo, na hali yake ni nzuri kuliko mengi yaliyobaki Ugiriki kwenyewe. Kivuli hakuna. Uwepo langoni linapofunguliwa, uwe umemaliza kabla ya saa tano, kisha ingia makumbusho kuona Kaburi la Mpiga Mbizi lililogunduliwa mwaka 1968, mtu aliyechorwa akiruka majini zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Uwanda huohuo ndio wa nyati wa kufugwa ambao maziwa yao hutoa mozzarella. Kula palepale, siku hiyohiyo. Jibini hii ikishawekwa kwenye friji inapoteza nusu ya maana yake.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho na magofu ya serikali hayatozi kiingilio. Nafuu, ila watu ni wengi.

Hatua ya 6: Kanuni za treni, zisome mara mbili

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haijakamilika mpaka uigonge kwenye mashine ndogo iliyopo kituoni kabla ya kupanda. Ya simu nayo lazima uiamilishe kabla ya kupanda. Wageni wengi hutozwa faini hapa wakiwa na tiketi halali kabisa mkononi, na mkaguzi hasikilizi kwamba hukujua. Treni za kasi na Intercity (za masafa marefu zisizo za kasi) zina namba ya kiti na tarehe, hizo hazigongwi.

Migomo ipo, na mara nyingi huangukia Ijumaa. Hutangazwa mapema, neno la kulitafuta kwenye ubao ni sciopero. Siku za kazi, treni za mkoa zilizo muhimu huhakikishwa hata wakati wa mgomo kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Jumapili treni hupungua hata bila mgomo.

Unapoelekea kusini, kaa upande wa kulia. Bahari iko huko.

Tembea na nakala ya pasipoti. Mwafrika kwenye kituo cha treni anaweza kuombwa hati na polisi wakati Mjerumani aliye kando yake anapita bila kuulizwa. Haifurahishi, lakini ukiwa na hati inakwisha kwa dakika mbili.

Hatua ya 7: Maratea, kwa mwenye siku ya ziada

Mkoa wa Basilicata unagusa bahari ya Tirreno kwa kipande cha kilomita 30 hivi tu, na Maratea ndio mji wake wa pekee upande huo. Intercity husimama. Juu ya mlima kuna sanamu ya Kristo ya mita 21, iliyokamilika mwaka 1965, ambayo imeipa bahari mgongo na kutazama bara. Fukwe ni vijighuba vya kokoto. Kikwazo ni usafiri: mji, kituo, bandari na sanamu viko mbalimbali, teksi ni chache. Mwenye wiki moja airuke bila majuto.

Hatua ya 8: Tropea

Teremka Lamezia Terme Centrale, badili, panda treni ya mkoa inayofuata pwani. Tropea imekaa juu ya jabali, na chini yake kuna mchanga mweupe na maji ya rangi ambayo mtu wa Nungwi hatayadharau. Kanisa la Santa Maria dell'Isola limesimama peke yake juu ya mwamba mbele ya ufukwe. Jioni, hewa ikiwa safi, utaona volkano ya Stromboli ikichomoza baharini, na boti za kwenda huko na visiwa jirani huondoka bandari ya hapo asubuhi. Kaa siku tatu.

Kila mlango umetundikwa mashada ya vitunguu vyekundu. Ni vitamu kiasi kwamba huliwa vibichi, hutiwa kwenye jemu, na kuna maduka yanayouza aiskrimu yake, ambayo nakushauri uionje ya mwenzako kwanza.

Nusu siku nenda Pizzo kwa treni. Kwenye ngome yake alipigwa risasi Joachim Murat, shemeji yake Napoleon na mfalme wa zamani wa Napoli, tarehe 13 Oktoba 1815. Uwanja ulio jirani unauza tartufo, donge la aiskrimu lenye chokoleti ya majimaji katikati, na wageni wengi hukumbuka hilo kuliko mfalme.

Kuhusu ufukwe wenyewe: Italia hugawanya mchanga. Sehemu yenye miavuli iliyopangwa mistari ni lido, unalipia mwavuli na vitanda viwili, euro 20 hadi 40 kwa siku katika miji ya kawaida na zaidi sana kwenye ile ya kifahari. Sehemu ya bure inaitwa spiaggia libera, ipo karibu kila mji, na ukifika kabla ya saa tatu asubuhi utapata nafasi. Nunua viatu vya mpira vya kuogea. Kokoto za huko zinaunguza mchana. Vijana wanaopita wakiuza mikoba ya majina makubwa wanauza bandia, na sheria ya Italia humtoza faini mnunuzi pia.

Mezani

Mwitaliano wa kusini hufunga duka mchana, kama saa saba hadi saa kumi na moja. Usipigane na hilo, lala. Kahawa ikinywewa umesimama kaunta ina bei yake, ukiketi mezani bei inapanda. Kwenye bili utaona coperto, euro moja au zaidi kidogo kwa kila mtu, hiyo ni ya kiti na mkate, si wizi. Maji ya bomba hunyweka.

Asiyekula nguruwe awe macho, maana Calabria, mkoa wa Tropea na Scilla, ndiyo nyumbani kwa 'nduja, nyama laini ya nguruwe yenye pilipili kali, ambayo hujificha kwenye pizza, mchuzi na hata mkate. Sema "senza maiale". Hatari isiyoonekana ni strutto, mafuta ya nguruwe, yanayotumika kwenye unga wa sfogliatella na maandazi mengine mengi ya Campania, mkoa wa Salerno na Amalfi. Na babà, keki ndogo laini, hulowekwa kwenye pombe. Samaki, mbogamboga na pizza ya Margherita vitakulinda safari nzima. Waliokulia Malindi, ambako Kiitaliano husikika mtaani, watajieleza kwa urahisi. Wengine wajifunze maneno kumi kabla ya kupanda ndege, kwani huku kusini Kiingereza ni haba.

Hatua ya 9: Scilla, kisha Reggio

Kutoka Tropea hadi Scilla ni kama saa moja na nusu, mara nyingi kwa kubadili treni Rosarno. Kituo kiko karibu kabisa na ufukwe. Wagiriki wa kale waliliweka zimwi la baharini kwenye jabali hili, lile lililonyakua mabaharia. Leo juu yake pana ngome, na nyuma ya ngome pana Chianalea, mtaa wa wavuvi ambao nyumba zake zimezamisha miguu majini.

Kuanzia masika hadi mwisho wa kiangazi huvuliwa hapo samaki mwenye pua ya upanga, jamaa wa nduaro. Chombo chake ni cha ajabu: mlingoti mrefu wa chuma ambao juu yake hukaa mtu anayemtafuta samaki na kuongoza boti, na mbele daraja jembamba linaloning'inia mbali juu ya maji, akasimama mwenye chusa. Samaki akiwa chini hajasikia hata mlio wa injini. Kipande chake ndani ya mkate, kimechomwa kwa mafuta ya zeituni na limau, ndicho chakula cha mchana cha Scilla.

Nusu saa mbele ni Reggio Calabria, na huko kuna sababu moja kubwa: mashujaa wawili wa shaba wa Riace, waliotolewa baharini mwaka 1972, kazi ya Wagiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Mnaingizwa kwa vikundi vidogo, mnangojea kwanza dakika chache kwenye chumba kinachosafisha hewa, kisha mlango wa pili unafunguliwa. Jumatatu makumbusho hufungwa.

Anayetaka Sicilia avuke Villa San Giovanni. Treni za Intercity kutoka bara huingizwa ndani ya meli, mabehewa na abiria wake, zikashushwa Messina upande wa pili.

Anayerudi ana treni ya kasi kutoka Reggio hadi Roma, zaidi kidogo ya saa tano, au treni ya usiku yenye vitanda, au ndege kutoka Lamezia. Vyovyote utakavyochagua, ulale Roma usiku mmoja kabla ya ndege ya kimataifa. Reli ya kusini ni ndefu, na mgomo au hitilafu moja inatosha kukuachia tiketi iliyokufa.